Mbegu Tuliyokula na Mwaka wa Mjukuu Wangu

Nyinyi vijana mutakaosoma hii, kaeni vizuri kwanza, muache simu. Minye, mimi mukulima muzee, si muntu wa kuandika. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi, kisha baba akasema inatosha, ndege wanamaliza mpunga shambani. Lakini herufi ninazijua, na hii daftari ni yangu. Wengi wenu mumemaliza iniversite ao muko karibu kumaliza, na siku ya kumaliza munapenda kuhesabu mulivyoteseka: profesa mukali, njaa, kusoma mukisimama kwa sababu viti vimejaa. Semeni, ni haki yenu. Ila kuna watu wa nyumbani kwenu waliowatesa pia, na ninyi hamuwaweki ndani ya zile hadithi kwa sababu hamuwajui. Minye ni mmoja wao.

Mjukuu wangu ni mtoto wa kike wa binti yangu wa kwanza. Wajukuu wote wananiita Koko, naye pia. Alizaliwa hapa Luberizi, kwenye hii nyumba, lakini alipomaliza shule ya msingi tulimpeleka mjini Uvira kwa mjomba wake, kule mtaa wa Kasenga, asome sekondari. Akabaki huko mpaka iniversite. Likizo zote alikuwa anarudi kwetu, anaingia kwenye matope kama sisi, anapalilia mpunga mpaka vidole vinakunjamana. Sikumlea kwa maneno matamu. Siku moja, alikuwa na miaka sita ao saba, nilimkuta anatafuna punje kutoka kwenye kikapu cha mbegu. Nilimchapa mkono, punje zikatawanyika chini, nikamwokotesha moja moja. Nikamwambia: "Mbegu si chakula! Hii ni ya kutia kwenye udongo. Ukisikia njaa uje uniambie, lakini hapa usiguse." Alilia, akaokota. Nadhani ni kwa ajili ya mambo kama yale alichagua kusoma kilimo. Aliniambia hivyo mwenyewe, na minye nilifurahi.

Sasa nieleze ule mwaka wa maji. Mto ulipanda, ukatoka mahali pake, ukalala juu ya mashamba yetu. Mpunga uliokuwa karibu kuiva ukaoza ukiwa umesimama. Ndipo shirika moja likaja na magunia ya mbegu mpya, mbegu wanayosema inaiva mbio na inazaa sana. Minye nilikuwa prezida wa ushirika wa wamama wakulima, na bado niko. Tulitia kidole chenye wino kwenye karatasi, mmoja mmoja, kuahidi kwamba tutaipanda, tukapewa mbegu. Watu wa shirika wakapanda gari lao wakarudi Uvira. Wakati ule mashamba yalikuwa bado ziwa. Ungetia ile mbegu wapi? Ilibidi kungoja maji yaondoke, na hakuna aliyejua yataondoka lini.

Tuliweka magunia kwenye chumba changu. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Wiki ya pili, mchana, wamama watatu walikuja wakakaa kwenye kizingiti, hawakuingia.

"Mama prezida," mmoja akasema, "tumekuja kuangalia kama panya hawajaingia."

"Panya gani? Mulango nimefunga."

"Hapana, tunauliza tu. Panya wa mwaka huu iko na njaa sana."

Mwingine akacheka, lakini cheko lake halikuwa na nguvu. Mgongoni alikuwa na mtoto ambaye kichwa kilikuwa kinaanguka hivi na hivi, hana hata nguvu ya kulia. Nilimwangalia yule mtoto. Nikasimama, nikafungua mlango, nikatoa gunia la kwanza. Haikuwa na dawa ile mbegu, ilikuwa mpunga safi, wa rangi nzuri. Tukaupondea hapa hapa, kwenye kinu changu. Minye ndiye niliyeshika mchi wa kwanza. Katika siku chache magunia yote yakaisha, na watoto wakaamka.

Kwa hilo siombi msamaha kwa muntu. Mpaka leo ningefanya vile vile.

Kosa langu ni lile lililofuata. Niliwakusanya wamama, nikawaambia: "Siku watakapokuja kuuliza, semeni tulipanda, ikaoza shambani. Udongo wetu umeikataa." Mmoja wetu alikuwa ameficha bakuli moja, akaipanda maji yalipopungua, na ikazaa vizuri kabisa, mpunga umeinama kwa uzito. Yule nikamwambia: "Weye sema ni mbegu yako ya zamani." Akakubali. Watu wa shirika wakaja, wakauliza, wakaandika, wakasikitika, wakaenda. Hawakurudi tena na mbegu ile. Nikafikiri jambo limekwisha.

Miaka ikapita. Mjukuu wangu akafika mwaka wa mwisho. Nyinyi munajua, pale lazima muntu aandike kazi yake ya mwisho, kisha aende kuitetea mbele ya juri, watu wazima watatu wamekaa kwenye meza na kumpiga maswali. Akaja hapa na mfuko wa karatasi, amefunga kitambaa kichwani kama mtu mkubwa. Kumbe kitu alichochagua kuandika ni ile mbegu: kwa nini wakulima wa Luberizi waliiacha.

Akatandika mkeka, akakaa, akashika kalamu.

"Koko, leo nakuuliza kama muntu wa ankete, wa utafiti. Usinione mjukuu."

"Nikuone nani? Gavana?"

"Koko! Unijibu vizuri. Swali la kwanza. Mulipokea ile mbegu?"

"Tulipokea."

"Mukaifanya nini?"

Hapa nataka muelewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kuandika. Niliweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, na kuku. Lakini niliona ule mkono niliouchapa, umeshika kalamu. Nikafikiri, nitamwambiaje huyu mtoto kwamba minye, minye huyu, nilikula mbegu? Tena nikafikiri karatasi za watu wa ankete zinafika mbali, siku moja zitafika kwa lile shirika, watarudi kutuuliza vidole tulivyotia. Mdomo ukatangulia.

"Tulipanda. Ikaoza."

"Yote?"

"Yote. Udongo huu hauipendi."

Akaandika. Akauliza mengine, nikajibu mengine. Alipoenda mtoni kuoga, nilipita nyumba kwa nyumba, haraka, kitenge hata sikukifunga vizuri. "Mjukuu wangu atakuja na maswali. Semeni yale yale." Mama mmoja akaniuliza, "Hata kwake? Si ni mutoto wetu?" Nikamjibu, "Hasa kwake." Siku iliyofuata mtoto akazunguka kijiji kizima kwenye jua, akiandika uongo wangu kwenye karatasi zake, kwa herufi nzuri. Mama yake mwenyewe, binti yangu, alimjibu vile vile. Tulikuwa tumezoea. Muntu akija na karatasi za kuuliza, sisi tunatafuta kwanza anataka kusikia nini, ao ni nini akisikia kitatuletea taabu. Mulango wa kusema tu kile kilichotokea tulikuwa tumeusahau.

Siku ya kutetea nilishuka Uvira kwa gari la mpunga, nimekaa juu ya magunia, na jogoo miguuni. Ndugu wote walikuwa wameleta pudre, ile poda ya mwili. Wasiojua: muntu akitetea vizuri, kwetu wanamumwagia pudre kichwani, usoni, kwenye nguo nzuri, mpaka anakuwa kama aliyelala kwenye mashine ya unga, kisha wanamtembeza na nyimbo mpaka nyumbani. Binti yangu alikuwa na makopo mawili kwenye kikapu.

Mtoto alisema vizuri. Minye Kifaransa nasikia kidogo tu, lakini niliona hakutetemeka. Wakati wa maswali, profesa mmoja mwenye miwani, alipoona sisi wazazi tumejaa nyuma, akageukia Kiswahili ili na sisi tusikie. Afadhali angebaki na Kifaransa chake.

"Mamzeli, wanawake wote uliowauliza walisema neno moja. Hata mmoja hakupotoka. Umeona wapi wanawake wa kijiji kizima wakikubaliana juu ya kitu?"

Watu wakacheka. Mtoto naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Minye iko na shamba la kujaribia mule mule kwenye bonde. Ile mbegu inazaa. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale. Sasa uniambie, hizi karatasi ulizijazia wapi? Kitandani, ndani ya chandarua?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mtoto akasema, "Profesa, niliwauliza watu. Nilipita nyumba zote. Koko yangu iko pale nyuma, ni yeye prezida wa wamama. Mumuulize."

Vichwa vyote vikageuka. Profesa akavua miwani, akasema kwa heshima, "Mama, karibu. Alikuja kuwauliza?"

Nikasimama. "Alikuja."

"Na mbegu?"

Mjukuu wangu alikuwa ananiangalia, na uso wake ulikuwa umetulia, kwa sababu alijua sasa mambo yatanyooka. Nitakufa na ule uso.

"Ilioza," nikasema.

Profesa akatikisa kichwa, akatabasamu, akamwambia mwenzake, "Koko anatetea mjukuu, ni kawaida." Nikakaa. Walitutoa nje, tukangoja chini ya paa la zinki, wakatuita. Kazi imekataliwa. Arudie mwaka mzima, achukue kazi nyingine. Mbele ya watu wote waliandika kwamba karatasi zake haziaminiki. Binti yangu akafunika makopo ya pudre na kitambaa. Kutoka pale mpaka Kasenga tulitembea kwa mguu, na wenzake wawili waliofaulu wakapita karibu yetu wakiwa weupe, wakiimba. Walipotuona wakapunguza sauti. Ile ya kupunguza sauti ilimwumiza kuliko yote, nilimwona.

Ule mwaka wa kurudia sikumsaidia hata kidogo. Nilituma mchele, nilituma mihogo, nilituma samaki wa kukausha, nikawa natuma vitu kama muntu anayelipa. Aliandika kazi nyingine juu ya maharage, akasoma na watoto waliomfuata, wakamwita "mama mkubwa wa promosheni", yaani wa darasa lao, kwa mchezo. Kila Jumapili nilipoenda kanisani nilisema nitamwambia. Kila Jumapili nilirudi na neno langu. Kuna siku alinipigia simu akaniuliza, "Koko, unafikiri niliuliza vibaya?" Nikamwambia mtandao ni mubaya, sisikii. Nilikuwa ninasikia vizuri.

Mwaka huu amefaulu. Pudre ilimwagwa, jogoo aliliwa, akavaa lile joho jeusi na kofia yenye uzi, tukapiga picha. Wiki iliyofuata akaja hapa na wenzake watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, kula mpunga mpya. Wawili ni wa Rugenge, mtaa mwingine wa Uvira, mmoja ni wa Kasenga, jirani wa mjomba wake. Waliposhiba wakakaa uani, na kama kawaida ya waliomaliza, wakaanza kukumbuka.

Mvulana akasema, "Minye sitamusahau yule profesa wa kutoka mbali. Alifika Jumatatu, akatufundisha kozi ya mwaka muzima siku kumi, Ijumaa ya pili mtihani. Mupaka leo sijui ile kozi ilikuwa inaitwa nini."

"Weye hujui kwa sababu ulikuwa unalala," msichana mmoja akamwambia. "Tena unakoroma. Profesa alifikiri ni mota ya pikipiki."

"Nalala kwa njaa! Weye ulikuwa unakula kwa mama yako. Minye nilikuwa nasoma sillabusi, naona maneno yote kama samaki."

"Na ile siku ulivaa viatu vya mudogo wako?"

"Acha! Usinivue nguo mbele ya Koko."

Wakacheka mpaka ng'ombe waliokuwa wanapita barabarani wakageuza vichwa. Nilikuwa karibu, napepeta, na minye nikacheka. Kisha msichana mwingine akamuuliza mjukuu wangu, "Na weye, mama mkubwa? Kitu gani umetoka nacho?"

Akasema, bila hasira, kama muntu anayesoma orodha: "Minye nimejua kazi ya mashamba si yangu. Sijui kuuliza watu. Nilipita kijiji changu mwenyewe, watu wanaonijua tangu tumboni, na nikashindwa kupata ukweli. Sasa muntu kama huyo ataenda kuuliza wageni? Juzi yule profesa wa miwani aliniita, alitaka muntu wa kufanya naye kwenye shamba lake la kujaribia. Nimekataa. Nimeona depo moja, duka la jumla, kule Uvira wanatafuta muntu wa kukaa kwenye kaunta. Inatosha."

"Ukakataa?" mvulana akasema. "Weye iko na wazimu."

"Alikuwa na haki kunikataa mara ya kwanza. Sasa anasema amesahau. Minye sijasahau."

Ungo uliniponyoka. Mchele ukamwagika, kuku wakaja mbio. Sikuwafukuza. Nikasema, "Uliuliza vizuri."

Akageuka. "Koko?"

"Uliuliza vizuri. Sisi tulijibu vibaya. Ile mbegu haikuoza. Tuliipondea pale, kwenye kile kinu. Tuliila."

Msichana mmoja akaweka mkono mdomoni. Nikaendelea kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena. Nikamwambia habari ya watoto, ya bakuli lililozaa, ya kupita nyumba kwa nyumba na kitenge kimelegea. Nikamwambia ukumbini nilikuwa na nafasi, nikaitupa.

Akauliza neno moja. "Mama yangu alijua?"

"Alijua. Wote walijua. Minye niliwakataza."

"Kwa nini pale, Koko? Mbele ya juri. Mulikuwa mumeshakula, watoto waliishapona. Nani angewafunga?"

"Hakuna. Niliona haya."

Aliangalia mikono yake. Kisha akasema polepole, "Mwaka muzima nimetembea na haya. Napita kwenye ukumbi nimeinama. Kumbe haikuwa yangu."

Alisimama, akashuka kwenye mfereji, akakaa huko mpaka jua likapungua. Wenzake walibaki uani, wananiangalia kwa chini chini, mvulana akaokota mchele wangu punje kwa punje, na minye sikuweza kumwambia aache. Aliporudi alisaidia kuosha sahani. Asubuhi walipanda gari la Uvira. Aliniaga kwa mikono miwili, inavyopasa kumuaga mkubwa, hakuongeza kitu. Zamani alikuwa ananikumbatia.

Siku tatu baadaye nilichukua wamama wanne, pamoja na yule wa bakuli, tukatembea mpaka kwenye shamba la yule profesa. Tulimkuta amekunja suruali, yuko kwenye maji. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama kwenye tuta, kwa sauti, hata vibarua wake wakasikia. Akavua miwani kama siku ile.

"Mulikula?"

"Tulikula."

"Yote?"

"Isipokuwa bakuli moja. Ilizaa kama yako."

Akasema mwaka uliopita hawezi kuurudisha, na yaliyoandikwa yameandikwa, ila atamwandikia mtoto barua, na ile nafasi bado iko wazi. Akatoa daftari mfukoni, akauliza maswali yale yale ambayo mjukuu wangu aliniuliza kwenye mkeka, moja moja. Tukajibu. Yalikuwa maswali mazuri.

Mpaka ninapoandika hapa, mjukuu wangu hajaniambia kama atakubali ile kazi ao atakaa kwenye kaunta. Simu yangu anaipokea, anauliza afya, anakata. Sitamlazimisha. Mwaka wake nilikula kama nilivyokula mbegu, na huu hakuna mtoto aliyeamka kwa sababu yake.

Jana, baada ya sala ya mchana, niliwaita wote wa nyumba yangu, binti yangu, wakwe, wajukuu, mpaka wale wadogo ambao hawakuwa wamezaliwa ule mwaka wa maji, nikawaambia: "Kuanzia leo, muntu akiingia kwenye hii nyumba na karatasi za kuuliza, akuwe mutoto wetu, akuwe mugeni, mumupe kiti, mumujibu kile kilichotokea. Akiuliza habari ya ile mbegu, mumwambie tuliila, na mumwambie ni minye niliyefungua mulango, na ni minye niliyewafundisha kudanganya. Na hakuna muntu kunitetea."